Dawa ya Kila Mwezi: Hotuba ya Kamati ya Fedha kwenye Mkutano Mkuu na Harambee ya Mwaka ya Wana-Rwamgasa

Mwaka jana Kamati ya Fedha ilipewa dakika ishirini ikatumia karibu saa nzima, na Mwenyekiti ametukumbusha hilo mara mbili tangu asubuhi. Tutajitahidi.

Kwa desturi tunasimama hapa kusoma mapato na matumizi. Safari hii taarifa hiyo imechapwa kurasa za mwisho za kijitabu mlichopewa mlangoni, mkaguzi ameshaisaini, na mwenye swali atatukuta wakati wa chakula. Tumeomba nafasi hii tuseme jambo tuliloliona tulipokuwa tukifunga vitabu. Tukilinyamazia tutakuwa tumewaficha.

Serikalini bajeti hugawanywa mafungu mawili: matumizi ya maendeleo na matumizi ya kawaida. Kujenga zahanati ni maendeleo. Mshahara wa muuguzi, dawa, glovu, maji na umeme ni matumizi ya kawaida, maana yanarudi kila mwezi, na yasipolipwa jengo linabaki jengo tu. Tukavigawa vitabu vya chama chetu kwa mtindo huohuo. Upande wa maendeleo tuko vizuri: bati, saruji, madawati, vitanda. Upande wa kawaida tulikuta mstari mmoja tu unaojirudia mwezi hadi mwezi tangu chama kianze. Mstari huo ni rambirambi.

Tukaanza kuulizana: hawa tuliowatolea rambirambi walifariki kwa nini? Hiyo si kazi ya wahasibu, lakini tunawafahamu, ni shangazi zetu na kaka zetu. Ajali za duara zipo, malaria ipo, vifo vya uzazi vipo. Ila jina baada ya jina tulikuwa tunasoma watu wa miaka arobaini, hamsini, waliokufa kwa maradhi waliyokaa nayo muda mrefu: presha, sukari, figo, kikohozi kisichoisha. Yaani walikuwa na muda. Sisi pia tulikuwa na muda.

Watoto wa mama mmoja wa nyumbani wameturuhusu tueleze habari zake bila kumtaja. Alikuwa na miaka 52. Alipimwa presha siku alipompeleka mjukuu kliniki, akaambiwa iko juu, akaandikiwa dawa. Alikunywa mwezi mmoja, akajiona mzima, akaacha. Nani kati yetu angeendelea? Nyumbani dawa hunywewa na anayeumwa, na zikibaki unazihifadhi zimfae mwingine. Hakuna aliyekaa naye akamweleza kwamba presha haina maumivu ya kukukumbusha, na kwamba kujisikia vizuri ndiyo kazi yenyewe ya ile dawa.

Miezi kumi baadaye alianguka akitoka kisimani. Upande wa kulia ukafa ganzi, mdomo ukapinda. Siku tatu za kwanza alikuwa kwa mganga, kwa sababu kwetu mtu akipooza ghafla bado anatafutwa aliyemfanyia. Na anayetafutwa mara nyingi ni bibi kizee wa jirani mwenye macho mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa jikoni miaka hamsini. Hapo hatuendelei, wazee mliomo humu mnayajua hayo kuliko sisi. Siku ya nne akakodiwa gari kuja Mwanza. Daraja la Kigongo na Busisi lilikuwa halijafunguliwa, kwa hiyo akalala kwenye kiti cha nyuma akisubiri kivuko.

Watoto wake walitunza risiti, na tuliwapongeza kwa hilo. Gari la kuja, shilingi 380,000. Mganga, 300,000 na mbuzi mmoja ambaye hatukumthaminisha. Kitanda, vipimo na dawa hospitalini, 1,105,000. Chakula na malazi ya wauguzaji wawili kwa wiki tatu, 462,000. Gari la kurudi, 170,000. Jumla 2,417,000. Dawa alizoandikiwa mwanzoni zilikuwa zikimgharimu shilingi 6,000 kwa mwezi kwenye duka la dawa Katoro, yaani 72,000 kwa mwaka. Tulipiga hesabu hiyo mara mbili kwa sababu hatukuiamini: fedha iliyotumika katika wiki tatu ingemnunulia dawa za zaidi ya miaka 33. Zingemfikisha miaka 85.

Alifariki mwaka uliofuata. Chama kilipeleka rambirambi ya shilingi 200,000, ilifika kwa wakati, familia ikatushukuru sana. Hizo ni dawa za miaka miwili na miezi tisa.

Hatusemi rambirambi ikome. Hakuna wa kusema hivyo Usukumani akabaki na ndugu. Tunasema tumekuwa wepesi wa kumzika mtu kuliko kumtunza, na sababu si roho mbaya. Sababu ni kwamba mchango wetu umezoea tukio. Msiba ni tukio, ajali ni tukio, jiwe la msingi ni tukio. Presha haina tukio mpaka siku ya kuanguka.

Na tusijidhanie kwamba kijiji chetu kina mkosi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa kati ya Watanzania wenye miaka 25 hadi 64, karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu, na karibu mmoja kati ya kumi na mmoja alikuwa na kisukari. Ukumbi huu mnaweza kuugawa wenyewe. Mwaka 2019 Serikali ilizindua Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza, na mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hayo ni mambo makubwa na tunayashukuru. Lakini kati ya sheria iliyopitishwa Dodoma na kidonge kilichomezwa Rwamgasa saa mbili usiku kuna mwendo, na mwendo huo una watu ndani yake.

Sasa kosa letu wenyewe. Miaka miwili iliyopita chama kilinunua mashine nne za kupimia presha tukazikabidhi kwa shangwe. Picha ya makabidhiano ilikuwa kwenye jalada la kijitabu, na baadhi yetu tunaonekana pale tumevaa tai. Mwezi Juni tulipita kuzitazama. Mbili hazikuwa na betri. Moja mkanda wake wa mkononi ulikuwa umepasuka, umefungwa kwa plasta. Ya nne ilikuwa inafanya kazi, na ilikuwa imefungiwa kabatini ili isiharibike kama zile tatu. Msimlaumu mhudumu yeyote. Tulinunua mashine bila kuweka hata shilingi moja ya betri. Mhasibu anayenunua gari bila bajeti ya mafuta hufukuzwa kazi. Nyinyi mlituchagua tena.

Ndugu zetu, Rwamgasa si kijiji cha kawaida cha wakulima. Ni machimbo, na machimbo yana maradhi yake ya kudumu ambayo hayamo kwenye mabango ya kliniki. Hapa tutakaa kidogo.

Mnajua kwamba jina letu limefika mbali. Kati ya mwaka 2002 na 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, UNIDO, liliendesha mradi wa zebaki katika nchi sita: Brazil, Indonesia, Laos, Sudan, Zimbabwe na Tanzania. Kwa Tanzania palipochaguliwa ni kwetu. Kwenye vitabu vyao wametuandika Rwamagasa. Kituo cha mfano cha STAMICO kinatuandika Lwamgasa. Sisi tumebaki na Rwamgasa, na posta hawajawahi kulalamika. Mwaka 2003 watafiti walipima damu, mkojo na nywele za watu 180 wa kwetu, wakawalinganisha na watu 31 wasiofanya kazi hiyo. Kati ya wachomaji wa dhahabu 104 waliopimwa, robo walikutwa tayari wamedhurika na zebaki.

Wapo humu ukumbini waliokuwa vijana wakati ule na wanakumbuka wale wageni na chupa zao za mkojo. Tulicheka sana. Majibu yalichapishwa kwenye majarida ya kisayansi, kwa Kiingereza, na wengi wa waliotoa nywele zao hawakuwahi kuyasoma. Basi tuyaseme leo kwa lugha inayosikika.

Mchomaji akichanganya zebaki na mchanga wa dhahabu, zebaki hushika dhahabu ikawa donge. Akilichoma donge, zebaki inageuka mvuke usioonekana, dhahabu inabaki. Ule mvuke ndio wenye sumu kubwa. Huingia kwa pumzi, ukapita mapafuni hadi kwenye damu, kisha ubongo na figo. Dalili zake huja taratibu: mikono kutetemeka hata kikombe cha chai kinamwagika, mwendo wa kuyumba, usingizi kupotea, kusahau, hasira za haraka, ladha ya chuma mdomoni. Mtu wa namna hiyo kijijini tunamwita mlevi. Wengine tunasema amerogwa kwa sababu ya mali. Akiacha kuvuta mvuke, mwili huitoa zebaki polepole, ila kilichoharibika ubongoni chaweza kubaki hivyo. Na watoto hawachomi dhahabu, lakini dhahabu ikichomwa kwenye jiko la mkaa nyumbani, wao ndio waliolala karibu na jiko hilo.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Umepewa jina la mji wa Japan ambako mwaka 1956 madaktari walianza kuwaona watu waliougua ajabu kwa kula samaki wenye zebaki iliyotoka kiwandani. Mkataba huo unazitaka nchi zenye wachimbaji wadogo kukomesha mambo manne: kumwaga zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa, kuchoma donge hewani bila kifaa, kuchoma kwenye makazi ya watu, na kuchenjua kwa sayanaidi marudio ambayo bado yana zebaki bila kuiondoa kwanza. Anayetoka kwetu ahesabu kwa vidole ni mangapi kati ya hayo manne ameyaona mwaka huu.

La pili ni vumbi. Mawe yetu ni ya kwazi, na kalasha likiyasaga makavu hutoa vumbi laini lenye silika. Linaingia ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Tena mapafu yenye makovu hayo hushikwa kirahisi na kifua kikuu. Kijana akikohoa hupelekwa kupimwa kifua kikuu, na hilo ni sahihi, aende, matibabu ni bure na akimaliza dozi anapona. Lakini yupo anayemaliza dozi na bado anahema kwa kupanda ngazi tatu. Huyo anaambiwa kifua kikuu kimerudi, anaanza tena, na hakuna aliyemuuliza amefanya kazi kwenye kalasha miaka mingapi. Wachimbaji wa tanzanite wa Mererani walau wana Hospitali ya Kibong'oto kule Siha, ambako wataalamu wamewapima mapafu na kuyaandika haya. Wa kwetu anapitia Katoro, Geita, pengine Chato au Bugando, na kila anapofika anaanza habari yake upya, hana hata daftari la mahudhurio ya awali.

Sasa tutasema jambo ambalo katibu wetu alituomba tulifikirie mara mbili. Wachangiaji wakubwa wa chama hiki, wale ambao majina yao yako ukurasa wa kwanza kwa herufi nzito, wengi ni wenye maduara, wenye makalasha na wanunuzi wa dhahabu. Tunawaheshimu. Wamejenga vyumba vya madarasa, na bila wao vitabu vyetu vingekuwa vyembamba. Lakini fedha inayoingia upande wa kushoto wa kitabu na maradhi yanayotoka upande wa kulia yana chanzo kimoja. Hatuwaombi fedha zaidi leo. Tunawaomba maji: bomba moja linalodondosha maji kwenye kalasha ili vumbi lisiruke. Tunawaomba kifaa cha kuchomea chenye kifuniko na bomba, ambacho hugeuza mvuke ukarudi kuwa zebaki. Mwenye zebaki hiyo anaitumia tena, kwa hiyo hata mhasibu mgumu angeidhinisha ununuzi wake. Na anayetaka kuona dhahabu ikichenjuliwa bila zebaki kabisa hana haja ya kupanda ndege, kituo cha mfano kipo palepale kwetu. Kaka mmoja mwenye makalasha alituambia, "Nikiweka maji mimi peke yangu, mawe yanaenda kwa jirani." Ni kweli. Ndiyo maana tunalisema mbele yenu wote siku moja.

Turudi kwenye presha na sukari, maana hapo ndipo fedha yetu inaweza kufika haraka.

Wapo wanaosema mtu wa machimboni hawezi kunywa dawa kila siku: leo yuko Rwamgasa, kesho kumetokea rashi Nyarugusu, keshokutwa yuko Bukombe. Tuliyaamini hayo mpaka tulipokumbuka CTC. Virusi vya UKIMWI ni maradhi ya kudumu, na kwetu yamewakuta watu wa rashi kuliko wengine. Leo tuna ndugu zetu ambao wamekunywa dawa zaidi ya miaka kumi na tano, wanachimba, wanaoa, wanazaa watoto wasio na maambukizi. Hawakubadilika kabila. Walichopata ni kadi, daftari lenye jina lao, tarehe ya kurudi, dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo, na mtu wa kuwapigia simu wasipotokea. Na fedha yake ilikuwa inakuja kila mwezi, si kila harambee. Utafiti uliofanyika kwenye vituo 32 vya Tanzania na Uganda, ukachapishwa mwaka 2023, ulijaribu kuwahudumia watu wa VVU, presha na kisukari katika kliniki moja. Wa presha na sukari waliendelea kuhudhuria vizuri, na wa VVU hawakupungukiwa kitu.

Hata bila utafiti, sisi tuna nzengo. Nzengo inajua nani hajaonekana shambani, nani mgonjwa, nani hajatoa mchango wake wa msiba, na anayekwepa anafahamika kabla jua halijazama. Mpango tulioupeleka kwenye Kamati ya Utendaji umejengwa juu ya hilo. Kila nzengo iwe na kundi la wagonjwa wa presha na sukari. Mmoja kwa zamu achukue dawa za wenzake, ili nauli ya pikipiki ilipwe na mtu mmoja badala ya watu kumi. Wote wapimwe siku moja kwa mwezi palepale, chini ya mwembe. Wahudumu wawili wa afya wa ngazi ya jamii washike daftari. Anayehamia machimbo mengine aondoke na kadi yake, na namba yake ya simu ibaki.

Gharama ni hii. Dawa za wagonjwa 80 ambao bima haijawafikia au ambao dawa zimewaishia kituoni, kwa shilingi 6,000, ni 480,000 kwa mwezi. Posho ya wahudumu wawili, 120,000. Vipimo vya sukari, mikanda, na betri, ndugu zangu, betri, 100,000. Jumla 700,000 kwa mwezi, au 8,400,000 kwa mwaka. Familia itakayopata bima itatoka kwenye orodha hiyo na nafasi yake itachukuliwa na nyingine. Hatutaki kushindana na Serikali wala kuziba kazi yake.

Kwa hiyo leo, tofauti na miaka yote, hatuombi mtu asimame atangaze milioni. Tunajua wapo waliojiandaa, na tunajua wapo waliokuja kuwatazama waliojiandaa. Atakayetoa tutapokea, tutaiweka kwenye ukarabati wa darasa kama ilivyopangwa. Kwa mfuko huu tunatafuta watu 140 wa shilingi 5,000 kwa mwezi, kwa simu, kila tarehe 5. Mtu anayetoa 5,000 kwa miezi kumi na miwili anatufaa kuliko anayetoa 60,000 leo, kwa sababu wa kwanza tutamuona Machi akikosa, na tutampigia.

Vijana wanapita na kadi. Kuna sehemu ya jina, simu na nzengo uliyotoka. Waliokwisha kujaza kabla hatujaanza kusema ni 31, wakiwemo wanakamati wote tisa, na mmoja wetu ambaye alipimwa presha hapo mlangoni asubuhi akaambiwa arudi Jumatatu. Meza ya kupima iko wazi hadi saa kumi. Taarifa ya kwanza ya mfuko tutaisoma Aprili: fedha iliyoingia, dawa zilizotoka, na idadi ya walioacha kuzinywa na sababu walizotoa.